Tathmini ya Yamaha Enduro 40 iliyotumika: kinachoharibika, kinachotengenezeka, na wakati wa kuiacha

Kwa mtu mwenye boti ya faiba ya futi ishirini na kitu, anayebeba abiria au samaki kati ya Nyamisati na Mafia, na ambaye mfuko wake haumruhusu kununua mashine mpya, Yamaha Enduro ya nguvu za farasi 40 iliyotumika bado ni chaguo ninaloweza kulipendekeza, lakini kwa masharti mawili: kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zake mbili iwe inakaribiana, na oili ya gia iliyo kwenye mguu, ile sehemu ya chini inayobeba propela, isiwe imeingia maji. Mengine mengi ambayo muuzaji huyaita ubovu, na ambayo humfanya apunguze bei kwa haraka, ni maradhi ya mafuta, ya moto wa plagi au ya maji ya kupozea, nayo hutengenezeka palepale ufukweni kwa spana chache na subira. Nimeitumia mashine ya aina hii kwa miaka kadhaa, ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa wengine kabla yangu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa yanahusu mashine kuukuu iliyokula chumvi, si ile inayotolewa kwenye boksi dukani.

Toleo ninalolizungumzia ni lile linaloandikwa E40X. Ni mashine ya stroke mbili, yenye silinda mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 703, inayowashwa kwa kuvuta kamba na kuongozwa kwa mkono kutoka tezini. Uzito wake unapita kilo 70, hivyo kuipandisha na kuishusha ni kazi ya watu wawili wenye nguvu. Haina kompyuta wala haitegemei betri: petroli hupita kwenye kabureta, na moto wa plagi hutokana na sumaku za flaiwili zinazozunguka juu ya koili na kupeleka umeme kwenye kisanduku cha CDI, kile kinachotoa moto wa plagi kwa wakati wake. Ufupi huo wa mambo ndio unaoifanya iendelee kuishi. Nchini Marekani, kanuni za hewa chafu zilizotolewa na shirika la mazingira la nchi hiyo, EPA, mwaka 1996, na kuanza kubana kwa mashine za mwaka 1998 na kuendelea, ziliziondoa sokoni taratibu stroke mbili za kabureta. Yamaha iliendelea kutengeneza Enduro kwa masoko kama yetu, ambako fundi wa ufukweni hana kompyuta ya kupimia hitilafu lakini ana macho, masikio na spana ya plagi.

Faida ya pili ni vipuri. Namba za vipuri vya Yamaha huanza na alama tatu, za tarakimu na herufi, zinazotaja familia ya mashine, na kwa E40X alama hiyo ni 66T. Mnunuzi anayeijua alama hiyo hatauziwa kifaa cha 40 ya zamani zaidi, ambacho kwa macho hufanana lakini hakikai sawasawa. Tofauti na hapo, mwenye Evinrude kuukuu anaishi kwa akiba iliyobaki madukani, kwa kuwa kampuni ya BRP ilitangaza Mei 2020 kwamba inaacha kutengeneza mashine hizo. Suzuki DT40 na Tohatsu 40 za stroke mbili ni mashine nzuri vilevile, na sina neno baya juu yake, ila katika bandari ndogo za kusini mwa Dar es Salaam ni rahisi zaidi kumwazima jirani kifaa cha Enduro kuliko cha mashine hizo, na pale unapokuwa umekwama Kilindoni maji yakiwa yanakupwa, hoja hiyo inapita hoja zote za kitaalamu.

Kabla ya jambo lolote, soma kibati cha namba kilicho kwenye bano la mashine. Enduro ina ndugu yake anayeandikwa EK, aliyetengenezwa kuwashwa kwa petroli na kisha kuhamishiwa kwenye mafuta ya taa. Hiyo ni mashine nyingine yenye tabia nyingine, na anayeuziwa EK akidhani amenunua mashine ya petroli atahangaika bure kutafuta hitilafu ambazo kwa kweli si hitilafu.

Sasa nianze na mafuta, kwa sababu huko ndiko maradhi mengi yanakotoka. Mashine ya stroke mbili haina sampu ya oili. Bering za krankshafti, ringi na kuta za silinda hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Kwa mashine iliyokwisha kuzoea kazi, kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 400 katika dumu la lita 20. Pwani yetu kipimo hiki hukisiwa kwa jicho au kwa kikombe cha plastiki kisicho na alama, na oili yenyewe mara nyingi huwa ile ya injini ya gari ya SAE 40, kwa kuwa ndiyo inayopatikana duka la jirani. Oili ya gari ina viungio vya madini ambavyo havikukusudiwa kuungua. Vikiungua huacha majivu yanayoganda kwenye ncha za plagi na kuzinatisha ringi ndani ya mifereji ya pistoni, na baada ya muda mwenye mashine huanza kulalamika kwamba mashine yake inakula plagi. Oili inayostahili ni ile yenye alama ya TC-W3, kiwango kinachosimamiwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani, NMMA, kwa ajili ya mashine za stroke mbili zinazopozwa kwa maji. Ni ghali kuliko ya gari, lakini ni rahisi kuliko seti ya pistoni na ringi.

Petroli nayo ina mambo yake. Tatizo la kuichanganya na mafuta ya taa lilikuwa kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kutia mafuta alama mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji; hata hivyo petroli ya kwenye madumu, inayouzwa mbali na kituo, haina mlinzi. Kipimo cha nyumbani ni kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe kabla hujachanganya oili: petroli safi hukauka upesi na kuiacha karatasi ilivyokuwa, lakini iliyotiwa mafuta ya taa huacha doa la mafuta linalokawia. Maji ni rahisi zaidi kuyagundua. Chota mafuta ya chini kabisa ya tangi, yatie katika chupa angavu ya maji ya kunywa, iache itulie. Kama kuna maji yatakaa chini na mstari utaonekana waziwazi. Boti inayolala nje wakati wa masika na kizibo cha tangi kikiwa wazi lazima iwe na maji, hata mwenyewe akiapa.

Mashine yenyewe hutofautisha maradhi ya mafuta kwa dalili ambazo ukishazizoea huwezi kuzichanganya. Kama inawaka vizuri, inakwenda dakika kadhaa, kisha inafifia na kuzima, angalia pampu ya mpira iliyo kwenye hosi: ikiwa imenywea na kubaki bapa, basi kizibo cha hewa cha tangi kimefungwa au kimeziba, na petroli imeshindwa kuvutwa. Legeza kizibo, hewa itaingia, safari itaendelea. Nimewaona mafundi wakifungua kabureta kwa tatizo hili, na kulipwa kwa kazi hiyo.

Kama inakwenda vizuri kwa mwendo mdogo lakini inaishiwa nguvu ukiongeza moto, yaani kasi ya mashine, mwambie baharia aiminye ile pampu ya mpira huku mashine ikiendelea kufanya kazi. Ikipata nguvu ghafla, kabureta haina kosa. Kosa lipo nyuma yake. Pampu ya mafuta ya Enduro haina umeme wala mnyororo: ni kiwambo cha mpira kinachochezeshwa na mapigo ya hewa yanayotoka ndani ya nyumba ya krankshafti, na kiwambo hicho kikikakamaa au kupasuka hata kidogo, kinatosha kwa mwendo wa pole na kushindwa kwa mwendo wa kasi. Kabla ya kukinunua kipya, kagua hosi na viungio vyake, kwani hosi iliyopigwa jua kwa miaka hupata nyufa zinazovuta hewa bila kuvujisha petroli, na kiungio ambacho mpira wake wa ndani umelika hufanya vivyo hivyo. Hakikisha pia kwamba mshale ulio kwenye pampu ya mpira unaelekea upande wa mashine. Inaonekana jambo la kitoto, lakini hosi zinazounganishwa upya mara kwa mara hugeuzwa.

Dalili ya tatu ni ile ya mashine inayokubali kuwaka choki ikiwa imevutwa na kuzima mara tu unapoirudisha. Hapo ndipo kabureta inapohusika kweli. Choki inapunguza hewa na hivyo kuongeza uzito wa mchanganyiko. Ikiwa mashine haiwezi kuishi bila hiyo, petroli haifiki kwa kiasi kinachotakiwa, na sababu ya kawaida ni jeti zilizoziba. Petroli iliyochanganywa na oili ikiachwa ndani ya kabureta kwa wiki nyingi hukauka na kuacha utando wa kahawia, wenye kunata kidogo, ambao huanza kuziba tundu dogo kuliko yote, lile la mzunguko wa chini. Fungua bakuli la kabureta juu ya sahani nyeupe ili usipoteze pini ya elea, na utazame kilichomo: mara nyingi utaona tope jembamba la rangi ya chai, na matone ya maji yakikimbizana chini ya petroli kama shanga. Jeti ni za shaba, na shaba ni laini. Atakayezipekecha kwa sindano au waya wa chuma atapanua tundu na kuiharibu mashine kwa namna ambayo kusafisha tena hakutaitibu. Mimi hutumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa katika waya wa umeme, dawa ya kusafishia kabureta na upepo, kisha huinua jeti kuelekea kwenye mwanga mpaka nione duara kamili bila unywele wa uchafu. Kazi hii ikifanywa mara moja kwa makini huondoa kero ambayo watu huvumilia msimu mzima.

Kwa upande wa moto wa plagi, Enduro ni mashine ya kweli na hitilafu zake ni chache. La kwanza kuangaliwa ni ile kamba nyekundu ya usalama ambayo nahodha huifunga mkononi: kibano chake kikiwa hakijakaa mahali pake, mashine haitawaka hata uvute kamba mpaka jioni. La pili ni kitufe cha kuzimia chenyewe, kwa kuwa chumvi ikiingia ndani yake huunganisha umeme na mwili wa mashine muda wote, nacho hubaki kana kwamba kimebonyezwa. Tenganisha waya wa kitufe hicho na ujaribu tena. Moto ukirudi, umempata mwizi. Lakini kumbuka kwamba mashine iliyo katika hali hiyo haitazimika kwa kitufe, utaizima kwa kuvuta choki, na wala haifai kwenda nayo baharini kabla ya kubadilisha kitufe, kwa sababu nahodha akidondoka majini boti itaendelea bila yeye.

Plagi zenyewe ni barua inayosomeka. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye unyevu wa mafuta ni mchanganyiko mzito, oili nyingi au silinda isiyochoma. Nyeupe kavu ni joto kupita kiasi au petroli kidogo, na hiyo ndiyo ya kuogopa, kwani mashine inayokwenda hivyo inaelekea kutoboa pistoni. Ukiona chembe ndogo za rangi ya fedha zimenata kwenye kauri, hizo ni aluminiamu ya pistoni, na kama mashine bado si yako, iache hukohuko. Plagi moja ikiwa mbaya na nyingine nzuri, zibadilishane mahali: ugonjwa ukihama na plagi, tupa plagi, ukibaki kwenye silinda ileile, fuata waya wake, kofia yake na koili, kisha pima kompresheni. Kwa wanaonunua plagi za NGK, tarakimu ya mwisho baada ya kistari huonyesha nafasi ya ncha, -10 ikiwa na maana ya milimita 1.0, na nafasi hiyo ipimwe kwa geji hata kama plagi ni mpya.

Kuna hitilafu moja ya umeme inayowasumbua hata mafundi wazoefu. Mashine huwaka vizuri asubuhi, hufanya kazi mpaka ipate joto, kisha hupoteza moto na kuzima. Ikipoa hurudi kama kwamba haikuwa na lolote. Mara nyingi huwa ni koili iliyo chini ya flaiwili ambayo waya wake mwembamba umekatika kwa ndani, ukigusana wakati wa baridi na kuachana kwa joto. Haionekani kwa macho. Hupimwa kwa mita, ikiwa baridi na ikiwa moto, na vipimo viwili vikilinganishwa jibu hujitokeza. Fundi asiye na mita atakubadilishia CDI, ambayo ni ghali zaidi, na tatizo litabaki.

Katika maji ya kupozea sitasema mengi, kwa sababu kanuni ni moja: mashine inapowaka lazima ikojoe, yaani itoe mchirizi wa maji ya kupozea, na mkojo huo uwe na nguvu. Ukidhoofika, kwanza chokoa tundu kwa waya mwembamba, maana mara nyingi ni mchanga au chumvi iliyoganda pale mdomoni tu. Usipopata nafuu, impela ya mpira iliyo juu ya mguu imechoka, mabawa yake yamelala upande mmoja au yamekatika, na vipande vilivyokatika vimekwenda kuziba njia za juu, hivyo inabidi vitafutwe vyote. Impela haivumilii kuzunguka bila maji hata kwa muda mfupi, kwa hiyo muuzaji anayekuwashia mashine ikiwa kavu juu ya gogo ili usikie mlio wake anakuharibia mali kabla hujaichukua. Wapo pia mafundi wanaopenda kuondoa kabisa kifaa cha kudhibiti joto kwa madai kwamba maji yapite vizuri. Sikubaliani nao, kwa kuwa mashine inayokwenda baridi mno huchoma vibaya kwa mwendo wa pole na kuchafua plagi. Kukijaribu ni rahisi: kitie katika sufuria ya maji jikoni, pasha taratibu, na kama hakijafunguka maji yanapokaribia kuchemka, kimekufa.

Shida ya kweli ya kazi hii ni bolti. Mguu wa mashine iliyozeeka baharini hushikwa na bolti za chuma zilizozama ndani ya aluminiamu, na chumvi ikiingia katikati yake hukaa kama mchomelewo. Bolti ikikatika ndani, kazi ya saa moja hugeuka kuwa safari ya kwenda Dar es Salaam kutafuta karakana yenye mashine ya kutobolea. Tia mafuta ya kulainisha kutu tangu jana yake, pasha joto la wastani kuzunguka bolti, legeza na kaza kidogo kidogo, na zinaporudi zipakwe grisi ya majini. Mzee mmoja fundi wa Kilindoni aliniambia, nikiwa nimeshika spana yenye bomba refu la kuongezea nguvu: “Mwanangu, bolti haiogopi nguvu, inaogopa muda.” Vipande vya zinki vilivyo karibu na propela navyo vitazamwe, vibadilishwe vikiwa vimelika nusu, na visipakwe rangi kamwe, kwa sababu vinatakiwa kuliwa na bahari ili aluminiamu isiliwe.

Oili ya gia ndiyo mahakama ya mwisho. Fungua skrubu ya chini ya mguu na utoe kiasi kidogo tu. Ikiwa ya rangi yake ya kawaida, hata kama imepauka kwa kazi, endelea. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili za shafti ya propela au za shafti ya juu zimepitisha maji, na swali linakuwa ni kwa muda gani, kwa sababu bering na gia zilizokaa ndani ya maji ya chumvi kwa msimu mmoja hupata vidonda visivyopona. Chembe chache laini za chuma si ajabu kwa mashine ya umri huu. Vipande vinavyosikika kwenye kidole ni meno ya gia. Unapojaza oili mpya, ijaze kutokea chini mpaka itoke kwenye tundu la juu, la sivyo hewa itabaki ndani na utadhani umejaza.

Kuna dalili inayowafanya watu wauze mashine nzima kwa bei ya kutupa wakati ugonjwa upo kwenye propela. Mashine hunguruma kwa kasi, boti haiendi. Ukipunguza moto inashika tena. Ndani ya propela mna mpira uliobanwa kati ya kitovu na mabawa, uliowekwa ili kuilinda gia propela inapogonga mwamba, na mpira huo ukichoka huteleza. Chora mstari mmoja wa rangi unaopita juu ya kitovu cha ndani na kuendelea kwenye sehemu ya nje, nenda nayo majini ukiwa na mzigo, kisha rudi uangalie. Mistari ikiwa haikutani tena, propela imeteleza, na gia haina hatia.

Sasa udhaifu ambao hakuna spana itakayoutibu. Enduro 40 ikisukumwa mpaka mwisho hutumia takribani lita 15 hadi 20 za petroli kwa saa, na hiyo ni asili ya stroke mbili ya kabureta, kwa kuwa mchanganyiko mpya unapoingia kwenye silinda kuusukuma nje moshi wa zamani, sehemu yake hutoka pamoja na moshi huo kabla haijachomwa. Hiyo petroli yenye oili huishia majini, na kwa wanaofanya kazi ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji hilo si jambo la kudharau. Anayefanya safari ndefu kila siku anapaswa kukaa chini na bei kikomo za EWURA za mwezi husika, apige hesabu ya mwaka mzima, na ninaamini ataona kwamba stroke nne mpya ya mkopo inaweza kumgharimu kidogo kuliko stroke mbili ya bei rahisi. Kwa anayekwenda bamvua kwa bamvua, au anayeihitaji kama mashine ya akiba, hesabu hubadilika kabisa, na hapo naipa nyota nne kati ya tano. Matumizi hupungua pia ukipunguza moto kidogo kutoka mwisho na kutumia propela inayolingana na mzigo, yaani ile inayoiruhusu mashine ifike kati ya mizunguko 4500 na 5500 kwa dakika ikiwa imefunguliwa yote. Boti nzito yenye propela ya boti nyepesi haifiki hapo, inakoroma tu na kunywa.

Kuhusu mahali pa kununua vipuri, sina duka la kusifu. Katika duka moja jijini niliuziwa impela iliyofungwa kwenye karatasi yenye nembo sahihi, na mabawa yake yalikatika kabla hata ya kusi kuisha. Mpira wake ulikuwa mgumu kwenye kidole tangu mwanzo. Impela nzuri hukunjika kwa urahisi na kurudi papo hapo, maandishi yake yamechongeka ndani ya mpira badala ya kupigwa mhuri juu, na namba iliyo kwenye pakiti hulingana na ile iliyo kwenye kitabu cha mashine. Kwa viwambo vya pampu, gaskiti na pini ya elea, niko tayari kutumia vya kuiga kama ni vya kiwango kinachoeleweka. Kwa impela, sili za mguu na plagi, hapana.

Siku ya kwenda kuiona mashine, fika bila kutangaza saa, na kabla ya salamu kuisha weka mkono kwenye kichwa cha silinda. Ikiwa na joto, imewashwa makusudi ili isikuonyeshe inavyosumbua ikiwa baridi, subiri ipoe. Nenda na petroli yako iliyochanganywa vizuri, plagi mbili mpya na geji ya kompresheni. Toa plagi zote mbili, ondoa kibano cha kamba ya usalama, fungua moto mpaka mwisho na uvute kamba mpaka sindano iache kupanda, silinda moja baada ya nyingine. Ukubwa wa namba hutegemea geji na nguvu za mvutaji. Kinachotazamwa ni tofauti, na ikizidi sehemu moja ya kumi kati ya silinda moja na nyingine, punguza bei kwa gharama ya pistoni na ringi au ondoka. Kisha ifunge kwenye boti, si kwenye pipa, na uiendeshe ikiwa na watu ndani yake, kwa kuwa nyingi ya hitilafu nilizozitaja hujificha mashine inapokuwa haina mzigo. Muuzaji wangu alisema neno ambalo utalisikia kila bandari, “Kaka, mashine haina shida, ni plagi tu.” Plagi zangu mpya hazikuiwasha. Kilichoiwasha ni kabureta iliyosafishwa na kiwambo kipya cha pampu, na bei ilikuwa imeshapunguzwa kwa ajili ya injini iliyodhaniwa imekufa.